Komba Aliyetaka Mwezi na Kiboko Aliyepigiwa Makofi

Nifungue?

"Fungua!"

Nikifungua mtasinzia?

"Hatusinzii!"

Basi kaeni sawa, maana leo nasimulia nikiwa na hasira.

Palikuwa na Komba, mnyama mdogo kama ngumi, macho makubwa, miguu ya kuruka. Tangu utotoni alitaka jambo moja tu: kufika Mwezini. Wenzake walitaka matunda, yeye alitaka Mwezi. Wenzake walitaka waume, yeye alitaka Mwezi.

Akajifunza uanaanga. Akajizungusha kwenye kamba, zungu zungu zungu, mpaka akatapika. Akajizungusha tena. Akabana pumzi mpaka macho yakataka kutoka. Akabana tena. Akaruka na kibuyu cha majaribio, akaanguka, pu! Mkono ukavunjika. Ulipopona, akaruka tena. Mama yake alipofariki, Komba alikuwa amelala kwa maumivu, hakuweza hata kwenda kumzika. Lilimuuma sana hilo, lakini kazi hakuiacha.

Mchwa, mafundi wa bonde lile, wakamjengea chombo juu ya chemchemi ya maji moto. Vibuyu viwili: chini kikubwa kama nyumba, juu yake kidogo. Chemchemi ikizibwa, mvuke unajaa. Ikizibuliwa, fyuuu! Chombo kinapaa. Kibuyu kikubwa kazi yake kusukuma. Kikimaliza kusukuma, kinadondoka. Kinachofika Mwezini ni kile kidogo.

Siku ya safari ikawadia. Komba ameshavaa, mkia ameukunja. Mara ardhi ikatikisika, di! di! di! Kiboko huyo, mkuu wa bonde.

"Nani anakwenda Mwezini?"

"Mimi, mkuu."

"Mweupe vile, umejaa nini?"

"Sijui, mkuu. Ndiyo naenda kuona."

"Mimi najua. Umejaa chakula. Nakwenda mimi."

"Mkuu, umefanya mazoezi gani?"

"Nimefanya mazoezi ya kuwa mkubwa. Toka!"

Na wanyama wakafanya nini? Wale wale waliomwona Komba akianguka na kuinuka? Wakapiga makofi! Pa! pa! pa! Kasuku, aliyekuwa ametunga wimbo wa Komba, akatoa jina la Komba, akaweka la Kiboko. Wala hakuona haya!

Komba akaimeza hasira yake kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Sawa, mkuu. Ila vibuyu ni viwili. Utakaa kipi?"

"Kikubwa! Unataka nikae kwenye kile cha kuku?"

"Na kile kidogo?"

"Kaa wewe, unishikie magunia ya kutilia chakula."

"Ahsante, mkuu."

Fundi mmoja wa mchwa akanong'ona, "Bi Komba, kile kikubwa si ndicho kinacho..."

"Nyamaza, ziba chemchemi. Izibe sana leo, mzigo umeongezeka."

Wakaziba. Ardhi ikanguruma, ngrrr! Wakazibua. Fyuuuuu! Wakapita miti. Wakapita mawingu. Halafu, tak! Kibuyu kikubwa kikaachia.

"Komba! Mbona mimi narudi?"

"Safari njema, mkuu!"

Pwaaa! Kiboko akatua kwenye matope, mbali na macho ya wote.

Komba akaenda, akaenda, akafika. Akakanyaga vumbi la Mwezi kwa vidole vyake mwenyewe. Chakula hakikuwepo. Akapiga ukelele wa furaha, sauti haikutoka. Akacheka peke yake. Akaruka, na kila mruko ulikuwa mrefu kuliko mti.

Aliporudi na kibuyu chake kidogo, mnadhani alipokewa kwa ngoma? Ngoma ilikuwa inapigwa, ndiyo, lakini ya Kiboko! Amevishwa shada la maua, anaitwa mwanaanga wa kwanza. Komba, mwili mzima mweupe kwa vumbi la Mwezi, akaambiwa asogee pembeni asichafue mkeka. Jamani!

Kiboko akahutubia: "Mwezi ni majani mabichi matupu. Nimekula mpaka nikachoka!"

Komba akajipenyeza mbele. "Ni kweli! Mkuu hasemi uongo. Na kama majani ni mengi hivyo, yatatutosha wote. Atuongoze! Chemchemi hiyo hapo, inachemka!"

"Atuongoze!" akasema Nyati.

"Sasa hivi!" akasema Pundamilia.

Wakaanza kumsukuma. Kiboko akaisikia chemchemi, ngrrr! Akageuka mbio na shada lake shingoni, di! di! di! Chubwi! Mtoni. Mpaka leo, mchana kutwa yumo majini, ametoa macho na pua tu.

Kasuku akamrukia Komba begani. "Bi Komba, wimbo wako nilikuwa nao tu!"

Komba akawageukia mchwa. "Zibeni chemchemi. Upande wa pili wa Mwezi bado sijauona."

Mafunzo ya hadithi hii, wanangu: msijisumbue na mazoezi. Msijizungushe, msibane pumzi, msivunjike mikono. Kueni wakubwa tu, na mkishindwa kuwa wakubwa, pigeni makofi. Hivyo ndivyo wakubwa walivyoniagiza niwaambie.

Hadithi nimeitua chini. Nani anaibeba?

"Sisi!"

Ibebeni, ila msimpe Kasuku.