Taa Mbili Nyuma ya Pazia

Ndugu zangu wasikivu, niazimeni masikio yenu kwa muda mfupi. Nitawarudishieni yakiwa salama.

Alikuwako bwana mmoja mwenye mapenzi makubwa na mashine yake ya kusikilizia sauti. Si redio ya mezani kama zetu. Ni kikuza sauti cha kale, cha taa za kioo, kilichowekwa sebuleni juu ya meza ya mninga, na watoto walikatazwa hata kukikaribia wakiwa na kikombe cha chai. Katika mashine ya namna hiyo imo taa moja ambayo yenyewe haitoi sauti yoyote. Umeme wa ukutani huenda na kurudi, mithili ya mtu aliyesahau alichokuwa akikitafuta. Taa hiyo huupokea, ikaunyosha, ukaenda upande mmoja. Kazi yake ni hiyo tu. Lakini bwana yule alishikilia kwamba taa yake, kwa kuwa ni ya zamani na ilitengenezwa Uholanzi, huifanya sauti iwe laini kama samli.

Naye alikuwa na sahibu yake, aliyesoma naye chuo cha Kurani tangu utotoni, mwenye maradhi yale yale. Huyu taa yake ilitoka Uingereza, na kwa maoni yake haikuwako iliyo safi zaidi. Tena mjue kwamba mabwana hawa walikuwa karibu kuwa wakwe: mwana wa mmoja alikwisha kumposa binti wa mwenzake, mahari yamekubaliwa, na nikahi ilikuwa Ijumaa inayofuata.

Alasiri moja yule sahibu akaja na taa yake, ameizungushia pamba na kuitia ndani ya kofia. Wakaafikiana wazipime kwa insafu. Pazia likatundikwa mbele ya mashine, na mke wa mwenyeji akaombwa akae nyuma yake: azime, abadilishe taa, awashe, nao wasikilize bila kujua ni ipi. Ili mtu asidanganyike, wakachagua sauti waliyoijua vyema kuliko zote, utepe wenye sauti ya marehemu Maalim wao akitoa mawaidha katika harusi moja ya zamani.

Utepe ukaanza. Mwenyeji akafumba macho.

"Hii yangu," akasema. "Sikia inavyoteleza."

Mashine ikazimwa, ikawashwa, wakangoja ishike moto, Maalim akaanza upya.

"Na hii sasa ndiyo yangu," akasema mgeni. "Umeona vumbi lote lilivyopanguswa?"

"Vumbi gani? Mimi nasikia bati likikwaruzwa."

"Bati limo masikioni mwako, bwana. Limo tangu chuoni."

Ikawa ni kuzima na kuwasha, na kila mara maneno yakizidi ukali. Hatimaye mgeni akasimama, akatafuta viatu vyake.

"Mtu asiyetofautisha asali na shira, simpi binti yangu akae nyumbani kwake. Harusi na ingoje."

"Na ingoje," akajibu mwenyeji. "Mwanangu hana haraka."

Mwanawe, kwa hakika, alikuwa na haraka kubwa, ila hakuulizwa.

Pazia likafunguka. "Shemeji, vua hivyo viatu," akasema mke wa mwenyeji. "Taa yako bado imo ndani ya kofia. Hii ya humu ilikuwa ya moto, nikavihurumia vidole vyangu. Nikawa nazima na kuwasha tu nikingoja ipoe. Nyinyi mmegombana juu ya taa moja."

Mabwana wakatazamana. Mwenyeji akaanza kucheka. Mgeni akajizuia, kisha akashindwa.

"Msicheke bado," akasema mama yule. "Nina swali. Maalim amesema nini?"

"Amesema kuhusu ndoa," akajibu mumewe.

"Nini kuhusu ndoa?"

Alasiri nzima walikuwa na Maalim, wakajua kila pumzi yake ilipoanzia, na hawakuwa na neno lake hata moja. Mama akawasha. Marehemu akasema, kwa sauti ile ile: "Enyi mababa, mnapoozesha, wekeni kando ugomvi wenu. Furaha ya watoto si mali yenu hata muizuie mkikasirika."

Mgeni akavua viatu, akakaa. Ijumaa nikahi ikafungwa, na kijana akaitikia kabla kadhi hajamaliza kuuliza.

Mnacheka, ndugu zangu. Nanyi mna haki ya kucheka. Lakini sisi je? Si ndio sisi tunaosema, sheikh wa msikiti ule sauti yake nzito, wa huku spika zake zinachana masikio, na yule kijana anasoma vizuri ila anavuta mno? Tunabishana njia nzima mpaka majumbani. Nani kati yetu hufika nyumbani na neno moja mkononi, akamwambia mkewe, leo nimeamrishwa jambo hili, nami nitalitenda?

Msomaji ni taa, ndugu zangu, nami hapa juu ya mimbari ni taa. Tumewekwa ili neno lipite, si ili tupimwe sisi neno likipotea.

Basi niambieni, enyi mliosali hapa alfajiri: imamu alisoma sura gani katika rakaa ya pili?

Msinitazame mimi. Mimi ndiye niliyesoma.