Karani Aliyesafisha Meza

Karani mmoja wa zahanati, jina lake Ambakisye, alikabidhiwa kompyuta kuukuu na kazi moja. Mganga mfawidhi alipokuwa akienda semina alimwachia daftari lenye majina arobaini na moja ya wagonjwa wa kifafa. Ayaandike kwenye kompyuta na kuyatuma bohari ya dawa kabla ya Ijumaa saa sita mchana, maana asiyekuwa kwenye orodha hapati dawa mpaka mwezi ujao.

Kompyuta ile ilikuwa nzito. Ukiiwasha, ungeweza kwenda kisimani na kurudi kabla haijafunguka. Jumatatu Ambakisye akaanza kuipunguzia mzigo. Akafuta michezo, nyimbo, na picha za harusi za karani aliyemtangulia. Akabakiza programu moja nyepesi, ya kuandikia tu. Kufikia jioni ilikuwa inafunguka papo hapo, na hiyo ilikuwa kazi ya haki.

Lakini Jumanne hakuandika. Aliona meza bado imejaa, akaondoa mafaili, kalenda, hata kiti cha wageni. Jumatano alihangaika na ukubwa wa herufi. Bi Tulinagwe, ambaye binti yake alikuwa amebakiza vidonge vya siku tatu, akaja dirishani kuuliza kama jina limekwenda.

"Naandaa mahali, mama," akamjibu. "Nikianza nitamaliza upesi."

Alisema hivyo huku akikwepa kulitazama daftari. Mwaka uliopita aliruka jina moja, na mwenye jina akakosa dawa, akaanguka motoni. Tangu hapo kila akifungua daftari vidole vilikufa ganzi. Ukurasa mtupu ulimpa nafuu, kwa kuwa hauna jina lililokosewa.

Alhamisi alisafisha kibodi kwa pamba, kitufe kimoja kimoja.

Ijumaa saa tano akaketi mbele ya meza tupu, akaanza kupiga herufi jasho likimtiririka. Aliandika jina, akalihakiki, akaogopa, akalihakiki tena. Saa sita ilimkuta kwenye jina la kumi na tisa. Akatuma hayo aliyokuwa nayo. Binti wa Bi Tulinagwe alikuwa wa ishirini na saba.

Alasiri mama yule alirudi. Hakupaza sauti. Aliitazama meza kupitia dirisha, kisha akasema, "Mwanangu, ungekosea herufi ningekuja tukairekebisha. Sasa turekebishe nini?"

Mama alipoondoka, Ambakisye aliyaandika majina yote yaliyobaki, kwa muda mfupi kuliko aliotumia kusafisha kibodi. Aliyatuma, na bohari haikuyapokea.

Ewe unayepangusa meza hadi leo, ni jina la nani unaloogopa kuliandika?