Papa Aliyengoja Bamvua

Hapo zamani za kale, bahari ilipopanda ikameza mashamba ya watu, alikuwako mama mmoja akiitwa Bi Shuwea. Mihogo yake iliozea kwenye maji ya chumvi. Akabeba sufuria moja, akawashika wanawe wawili mikono, akashuka pwani, kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda.

Pale kwenye mikoko aliishi Kaa, mama mwenye umbo dogo na mayai tumboni. Siku hiyo alikuwa anatoa matope mlangoni kwake.

"Hodi!"

"Karibu, lakini usinikanyagie mlango. Una shida gani?"

"Nataka kuishi baharini. Shamba langu limekwisha."

Kaa akamtazama kwa yale macho yake yaliyosimama. "Kupumua majini unajua?"

"Sijui."

"Basi utaishi juu ya maji, si ndani. Nitakufundisha. Lakini mikoko hii huikati, maana watoto wa samaki wanalelewa humu. Na mwamba ule wa ndani umefungwa. Hauvuliwi mpaka waliomo wakue. Umesikia?"

"Na wanangu wakilala njaa?"

"Wangu hata hawajazaliwa. Umesikia?"

Bi Shuwea akasema amesikia.

Akajenga kibanda juu ya nguzo za mivinje. Kaa akamfundisha kukinga maji ya mvua, kuokota chaza nje ya mwamba, na kujua bahari inavyojaa na inavyokupwa, hata siku za bamvua. Watoto walikaa mlangoni wakitazama pweza wakitambaa ndani ya mwamba uliofungwa, na matumbo yao yakinguruma. Bi Shuwea hakuugusa.

Lakini harufu ya wale samaki wachanga ikafika bahari kuu, kwa Papa.

Puuu! Akatokea nje ya mwamba, mkubwa kama nyumba.

"Wewe kijikaa! Nipishe niingie."

"Shikamoo, Mzee Papa."

"Sitaki shikamoo, nataka chakula. Usiponionyesha njia nitakaa hapahapa, na hao binadamu wako wakitia mguu majini, kwacha! Nitaanza na wale wadogo."

Kaa alijua hatanii. Papa akikaa pale, hakuna atakayetoka kuokota chaza. Watoto watakufa njaa, au mama yao atauvua mwamba mpaka uishe.

"Mzee wangu, kizuizi si mimi. Kizuizi ni tumbo lako. Ukipita leo utachubuka. Ngoja bamvua."

"Bamvua ndiyo nini?"

Mnaona? Mkubwa vile, hajui bamvua! Kule kilindini alikozaliwa, maji yapo tu, hayaondoki.

"Ni siku bahari inapojaa kuliko siku zote," akasema Kaa. "Utapita juu ya mwamba kama bwana harusi."

"Hapo umesema!" Papa akageuka, mkia ukapiga chubwi! Akaenda zake.

Bi Shuwea alisikia yote. Akashuka ngazi kwa hasira. "Umetuuza! Wanangu wanalala njaa kwa ajili ya mwamba huu, wewe unamkaribisha mla watu?"

"Mama watoto, nilikufundisha nini kuhusu bamvua?"

Bi Shuwea akalikumbuka somo lake. Kisha akaenda kuwaingiza watoto ndani.

Alfajiri ya bamvua maji yakafika kwenye sakafu ya kibanda. Papa akapita juu ya mwamba, shwaa! Akameza watoto wa samaki mdomo mzima. Kaa aliumia kuwaona wakienda, lakini ilibidi amcheleweshe.

"Hao wa mlangoni ni wembamba, mzee. Wanono wako ndani huku. Nifuate."

Akampitisha hori hili na hori lile, katikati ya mikoko. Papa akala, akavimbiwa, akaanza kushuku.

"Mbona unanizungusha?"

Kacha! Akamng'oa Kaa gando.

Kaa akakaza roho. "Limebaki moja, linatosha kukuonyesha njia. Mbele kidogo tu."

Chururu... chururu... Maji yalikuwa yanashuka. Kwaruu! Tumbo likagusa jiwe.

"We! Maji yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda kwao. Siku yanapojaa kuliko zote ndiyo siku yanapokupwa kuliko zote."

"Hukuniambia!"

"Hukuuliza. Ulisikia kujaa tu."

Papa akapiga mkia, pata! pata! mpaka nguvu zikamwisha. Jua likaanza kumkausha ngozi. Bi Shuwea akaja na shoka, watoto nyuma yake.

"Mama, tunamla?" akauliza mdogo.

"Mkimuua mtashiba," akasema Kaa. "Lakini chewa, wale samaki walafi wa huko nje, wanamwogopa huyu peke yake. Akifa watajaa humu, na samaki wachanga waliobaki hamtawaona tena."

Bi Shuwea akawatazama wanawe walivyokonda. Kisha akaliweka shoka chini.

"Leteni kata na sufuria."

Wakammwagia Papa maji, wakachota tena, wakamwagia, mpaka bahari iliporudi.

"Sasa sema ahadi yako," Kaa akamwambia.

"Watu wako sitawagusa," akajibu Papa kwa sauti ndogo. "Na sivuki tena mwamba ambao maji yake siyajui."

Akatoka. Tangu hapo akawa analinda kwa nje.

Mayai ya Kaa yakaanguliwa. Gando jipya likaota, dogo kuliko la kwanza. Siku mwamba ulipofunguliwa, Bi Shuwea na wanawe walivua pweza wakubwa, wakala mpaka mdogo akasinzia na kipande mkononi. Siku hiyohiyo, kabla Kaa hajasema neno, Bi Shuwea akaenda kuchomeka kijiti chenye kitambaa mlangoni mwa mwamba, akaufunga tena.

Hadithi naitua hapa, wanangu: anayetaka bahari imlishe, aijue kwanza, na ajue kuiacha ipumue.