Ndoo Sebuleni kwa Badawi

We unayecheka hapo, umewahi kubandua jipsamu iliyoganda juu ya marumaru? Hujawahi. Basi tulia.

Palikuwa na tajiri mmoja, Badawi, aliyetandaza sebuleni marumaru nyeusi, zinang'aa mpaka ukiinama unaona tundu za pua yako. Akaita majirani waje asubuhi wazione. Wakakuta ndoo imelala ubavu, na jipsamu ya kulainishia kuta imetapakaa katikati ya sebule.

Akaitwa fundi, Siwema. Huyu alikuwa na shahada ya falsafa, nayo ilimfaa sana: alikoroga jipsamu huku akijiuliza kama jipsamu ipo kweli.

"Umeimwaga jana jioni ukiondoka!" alifoka Badawi, mgongo ameubandika ukutani, hageuki. "Itoke kabla ya adhuhuri. Nikiona alama hata moja, utanifagilia nyumba hii mwaka mzima, bure!"

Siwema akajihoji moyoni. Ndoo aliiacha pembeni, imesimama, na maji juu ya jipsamu isikauke. Au? Mtu aliyewahi kujifungia nje ya nyumba yake, upawa mkononi, hana haki ya kujiamini. Akabonyeza jipsamu kwa kidole. Juu ganda, chini bado bichi, kama ya saa chache tu. Ah!

"Kwa hiyo ni jana jioni, Bwana?"

"Jana jioni!"

"Una hakika?"

"Msomi mzima huelewi? Jana!"

"Basi imelala. Ya asubuhi ningeilowesha kwa maji ya uvuguvugu, nikaibandua kwa mwiko wa mti, tukanywa chai. Iliyolala haisikii maji." Akatoa chupa kikapuni. "Inasikia asidi."

"Asidi! Na marumaru zangu?"

"Zitapauka kidogo. Nilijaribu bafuni kwangu. Sasa wageni wanadhani nimetandika ngozi ya fisi."

Majirani wakaangua kicheko. Badawi hakucheka.

"Tumia maji tu!"

"Maji ni ya jipsamu ya leo, Bwana. Hii ni ya jana, umesema mwenyewe." Akafungua kizibo.

"Ngoja! Huenda... huenda ilikuwa alfajiri."

"Alfajiri nilikuwa kwangu nakoroma. Mume wangu shahidi, na nyumba ya tatu pia walinisikia. Humu alikuwamo nani?"

"Paka!"

"Paka gani anaangusha ndoo inayonivunja mimi kiuno? Nipe huyo paka, nimfanye fundi msaidizi." Akainamisha chupa. Tone likaning'inia mdomoni mwa chupa, juu ya marumaru nyeusi.

"Funga chupa, Siwema! Funga!" Tajiri akaruka kutoka ukutani, akapiga magoti kuifunika sakafu kwa viganja. Majirani wakauona mgongo wake: kanzu mpya, na matakoni duara kubwa jeupe la jipsamu.

"Ni mimi!" alilia. "Nilikuwa natembea kinyumenyume nijitazame sakafuni, nikaikalia ndoo!"