Picha Iliyotoka Mzingani

Ukumbi wa mji wetu mdogo wa Lithuania ulijaa hata pa kutia mguu hapakuwapo. Benki kuu ilikuwa imetoa sarafu za fedha kuwaenzi askari waliojitolea kupigania uhuru mwaka 1919, na moja alipewa Zenonas, mfuga nyuki, kwa heshima ya babu yake. Zenonas aliipokea kichwa kimemvimba, huku picha ya babu mwenye sare imetundikwa ukutani.

Babu gani! Babu yake Zenonas hakuwahi kushika bunduki. Picha ile ilikuwa ya jirani. Jirani huyo na familia yake walipopelekwa uhamishoni Siberia na watawala wa kigeni, mama yake Zenonas aliificha ndani ya mzinga, maana wapekuzi wa zama zile walivunja hata sakafu ila waliogopa nyuki. Alimwusia mwanawe, "Wakirudi, wape." Yule jirani alifia hukohuko. Binti yake, Stefa, alirudi, lakini Zenonas alikuwa ameshajigamba nayo katika kila kilabu cha pombe kuwa ni ya babu yake. Akafunga kinywa miaka thelathini.

Makofi yalipotulia, bibi mmoja alijikongoja hadi mbele. Alikuwa Stefa.

"Hongera, mdogo wangu," alisema. "Lo, babu yako kafanana na baba yangu! Mimi sina hata picha yake moja. Uso wake umeanza kunitoka. Niache nimtazame huyu wako kidogo tu."

Zenonas alihisi uso ukimwaka. Kama angemtukana, angejua la kujibu. Lakini bibi alikuwa anamwomba kwa upole, tena akimpongeza!

"Dada Stefa," alisema, "huyo ni baba yako."

"Umejua lini?"

"Kabla hujarudi."

"Na kila Krismasi uliniletea asali, ukanitazama machoni?"



"Kumbe babu wa mkopo!" mtu alipaza sauti nyuma, na kicheko kikaenea ukumbi mzima.

Zenonas alimnyooshea sarafu. Stefa aliisukuma.

"Hiyo kaa nayo. Nipe baba yangu."

Zenonas aliishusha picha ukutani. Stefa aliikumbatia, akatoka. Watu walimfuata, wala hakuna aliyemuaga Zenonas. Alibaki peke yake na fedha yake mkononi, akitamani ardhi ipasuke immeze. Kweli, nguo ya kuazima haisitiri matako.