Asiyegombwa Hajarudi

Asiyegombwa hajarudi. Mmelisikia asubuhi kwa shangazi yenu, alipofokewa kwa kuunguza maharage naye akacheka, mkaniuliza kama ana wazimu. Hana. Endeleeni kupukuchua mahindi, niwaeleze neno hili lilikotoka, maana halikushuka na mvua.

Hapa hapa mlimani aliishi Mama Mbonea, ambaye ulimi wake ulijulikana mpaka bondeni. Aligomba mbuzi, akagomba majirani, na siku moja alimgomba mchungaji wa kanisa kwa kuhubiri mpaka chakula kikapoa. Mwanawe wa pekee, Mbonea, alimwoa Nakundwa, binti wa kijiji cha pili, na miaka ile ya mwanzo Nakundwa aligombwa kama wengine: kuni zimelowa, ufagio haukai hapo, makande hayatiwi chumvi kabla maharage hayajaiva. Kisha Mbonea akapata kazi Uswidi. Wakaenda wote wawili, wakakaa huko mpaka mvi zikaanza kuwachungulia.

Kule baridini Nakundwa alikuwa na neno moja la kujituliza. Kila alipoulizwa anatoka wapi na atarudi lini, alijiambia moyoni, kwetu kupo.

Siku ya kurudi ilipofika ilikuwa vurumai tupu. Waliuza, wakagawa, wakafunga makasha, wakanuniana njia nzima kwa sababu ya pazia lililosahaulika. Wakafika na mabegi ya mkononi tu, makasha yakiwa bado melini. Nyumba waliyokuwa wakijengewa wakaikuta haina paa, na fundi ana maneno mengi kuliko mabati. Basi wakateremkia kwa mama. Mbonea akawa mtu wa njiani, leo bandarini Dar, kesho Same kumtafuta fundi, simu haibanduki sikioni.

Mama Mbonea aliwapokea kwa vigelegele. Akawapa chumba chake mwenyewe, akachinja jogoo, akapika wali. Kesho yake wali. Wiki iliyofuata, wali. Nakundwa alisikia harufu ya makande jikoni, chakula cha wenyewe, lakini sahani yake ililetwa mezani ina paja la kuku na imefunikwa kitambaa. Akishika ufagio, ananyang'anywa.

"Acha, mgeni wangu, utachafuka."

Siku moja alivunja mtungi wa urithi wa yule mama. Mama Mbonea akaokota vigae, akasema kwa upole kwamba vyombo huvunjika. Upole ule ulimuuma Nakundwa kuliko kofi.

"Kule tulikuwa wageni," alimwambia mumewe, "na hapa ni wageni. Sasa kwetu ni wapi?"

"Makasha yakifika, tusiyafungue," Mbonea akajibu. "Kazini kwangu bado wananitaka. Tungoje mwezi uishe, turudi zetu."

Nakundwa hakutaka kurudi Uswidi hata kidogo, ila namna ya kukaa hapa ndiyo iliyomshinda.

Makasha yakafika siku ya zamu ya maji. Mnaijua zamu ya hapa kwetu. Ndiva, lile bwawa letu, inafunguliwa asubuhi, inamwaga maji mferejini, na shamba likikosa zamu yake lingoje juma zima. Mama Mbonea alikuwa chini shambani na jembe lake, maharage yameanza kusinyaa. Huku juu lori limeshindwa kufika uani, wapagazi wanauliza mizigo iwekwe wapi, Mbonea anapiga kelele kwenye simu. Nakundwa, katika pilikapilika zile, akaonyesha kidole palipoonekana tambarare.

"Wekeni hapo hapo."

Wakaliweka kasha kubwa kuliko yote, lenye mashine ya kufulia, juu ya mfereji. Ukingo ukabomoka. Maji yakageuza njia, yakaingia kwa jirani ambaye zamu yake ilikuwa jana.

Mama Mbonea akapanda mlima mbio, kanga kiunoni, jembe begani.

"Nani ameweka dude hili hapa?"

"Mimi, mama."

"Wewe Nakundwa! Macho umeyaacha Uswidi? Umeolewa hapa, umenywa maji ya mfereji huu, leo hujui unapita wapi? Maharage yatakunywa nini, mate yako? Vua viatu hivyo uingie matopeni, unasimama kama umebandikwa!"

Wapagazi wakatazama chini. Mbonea akaikata simu.

"Mama, jamani, taratibu. Huyu ni mgeni."

"Mgeni gani? Mgeni ningemwambia hivi?"

Nakundwa alikuwa ameshavua viatu. Alizama matopeni, akalisukuma kasha pamoja na wapagazi, akauziba ukingo kwa mikono yake, analia na kucheka kwa pamoja. Maji yakarudi njia yake. Mama Mbonea alipoyaona yale machozi, hasira zikamwisha.

"Nisamehe, mwanangu. Nimesahau kwamba mmetoka mbali."

"Usiniombe radhi, mama. Tangu tulipoteremka nangoja unigombe. Asiyegombwa hajarudi."

Yule mama akalishusha jembe.

"Mimi niliogopa," akasema. "Nilijua nikifungua huu mdomo wangu, mtaondoka tena."

Jioni ile Nakundwa hakupewa wali. Alipewa makande kwenye bakuli la bati, jikoni, akaambiwa akimaliza asugue sufuria, na asiisugue kivivu kama zamani. Alikula mpaka akaongeza. Mbonea yeye alikuwa mezani peke yake, na paja lake la kuku chini ya kitambaa. Akaitazama ile sahani, akanyanyuka nayo mpaka mlango wa jikoni.

"Mama, na mimi je?"

"Wewe makasha yako bado yamefungwa," mama akamjibu bila kugeuka.

Mbonea akaweka sahani chini, akachukua nyundo, akatoka nje. Walimsikia akibandua mbao moja baada ya nyingine. Kasha la kwanza lilikuwa halijafunguka lote, mama akachungulia dirishani.

"Mbonea! Misumari hiyo unaitupa uani, watu wapite wapi? Una akili wewe? Okota yote!"

Nyundo ikanyamaza. Nakundwa akainua uso kutoka kwenye sufuria, akamwona mumewe amepiga magoti kwenye vumbi, anaokota misumari na kutabasamu kama mtoto.

Asiyegombwa hajarudi.