Ufa Aliousikia Labidi

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika nchi ya Shamu aliishi mfua panga mcha Mungu, jina lake Labidi. Hakuukaribia moto bila udhu. Siku ya kuupoza upanga majini alifunga saumu, akavaa kanzu nyeupe, akaziba madirisha ya kiwanda mchana kweupe ili aione vyema rangi ya chuma. Mkewe, Bi Sumaita, ndiye aliyevuta mivukuto ya kupulizia moto. Upanga ukiwa motoni, Labidi alisoma Fatiha mara saba, akituama kwenye kila aya. Hiyo ilikuwa ibada yake, tena ndiyo iliyokuwa saa yake, kwani akiikamilisha ya saba kwa utulivu, joto huwa limeenea upanga mzima, na hapo ndipo huutumbukiza.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, Nufaili. Kijana huyo alisema hadharani kwamba ghala la Amiri Dhirghamu linawagawia watu nafaka iliyooza, na kweli ilikuwa imeoza. Amiri akamtia gerezani, na gerezani humo mlikuwa na homa iliyotoa maiti kila siku. Kisha akampelekea Labidi ujumbe: "Nifulie upanga kabla sijakwenda vitani siku ya Ijumaa, nawe utamchukua mwanao. Usipokuwa tayari, atangoja mpaka nirudi."

Labidi akafua, na hofu imemjaa tele. Siku ya maji ilipofika, ulimi wake ulisoma Fatiha lakini moyo wake ulikuwa gerezani, unahesabu majeneza. Alipozinduka hakujua amesoma nne au tano, na upanga alikwisha kuutumbukiza. Ndani ya mvuke ikasikika sauti ndogo, kama punje ya mtama inayopasuka chunguni.

"Umesikia?" akauliza.

Bi Sumaita alikuwa bado ameing'ang'ania mivukuto. "Sikusikia kitu, mume wangu."

Wakaunoa na kuusugua siku tatu, ukang'aa hata mtu angeweza kujitazama ndevu. Ufa haukuonekana. Lakini kila Labidi alipougonga kwa ukucha na kuuweka sikioni, mlio ulikatika katikati. Muda wa kufua mwingine haukuwapo. Chakula kikamshinda. Katika sijida zake alimwomba Mola wake jambo la ajabu, kwamba iwe masikio yake yamezeeka.

Ijumaa asubuhi akaupeleka. Amiri akaupokea, akaugeuza juani, akatabasamu. "Mfungueni kijana," akaamuru.

Mlinzi akaondoka. Labidi akamtazama akivuka ua. Mlinzi alipoukaribia mlango wa gereza, mzee akasema, "Ewe Amiri, mwite arudi. Upanga huu una ufa."

"Uko wapi? Mimi siuoni."

"Hauonekani. Niliusikia. Niliharakisha kusoma, nikaharakisha chuma."

Amiri akanyanyuka, akaupiga upanga kwenye nguzo ya mlango. Ukakatika vipande viwili. Amiri akabaki na kipini mkononi.

"Ulijua kwamba kijana wako atabaki ndani?"

"Nilijua. Sikulala kwa kujua."

Amiri akaketi. "Mwaka huu mzima," akasema, "watu wawili tu wameniambia kweli, na mmoja nimemfunga mimi mwenyewe. Mfungueni. Na ghala lisafishwe kabla sijapanda farasi."

Labidi akarudi nyumbani akiwa amemshika mkono mwanawe, aliyekonda hata kanzu ilimpwaya. Bi Sumaita akamkumbatia mwanawe, akalia mpaka sauti ikamkauka. Alipotulia, akamgeukia mumewe, macho yake chini.

"Nilisikia," akasema. "Siku ile, nilisikia kama ulivyosikia."

"Najua," akajibu Labidi. "Ndiyo maana niliogopa zaidi."

Basi ndugu zangu, sisi hatufui panga, lakini Fatiha tunaisoma sote, na wengine wetu tunaikimbiza kana kwamba tumeacha chungu motoni. Chochote kilichopasuka ndani yetu kwa haraka hiyo, kuna siku tulikisikia. Tumwombe Mola atupe ujasiri wa kukitaja kabla mlinzi hajaufikia mlango.